Chokoleti nyeupe na ndimu: juisi ndiyo inayokuponza, tumia ganda

Dada mleta mada, nimesoma malalamiko yako mara mbili. Umeyeyusha chokoleti nyeupe, ukaikamulia ndimu nzima, ikakugandia kwenye bakuli kama ugali uliokosa maji. Ukarudia bila ndimu, pipi zikatoka, lakini zilifika kwa mteja zimelala chali ndani ya boksi. Na Idi ndiyo hiyo inakuja. Naomba nikujibu kwa kirefu, maana yote hayo yamenipata, tena mimi niko Tanga, joto silisimuliwi.

Tuanze na huo ugali. Chokoleti ni mafuta yaliyobeba unga wa sukari na unga wa maziwa, maji ndani yake hamna. Dondosha tone moja la maji kwenye bakuli la sukari uone: linafanya donge pale pale. Ndicho kilichotokea kwako. Juisi ya ndimu karibu yote ni maji, na yakiingia kidogo tu yanalowesha zile chembe za sukari, zinashikana, mafuta yanabaki pembeni. Mimi siku ya kwanza nilitia vijiko viwili vya chakula kwenye gramu 400. Nikakoroga kwa hasira mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Siku ya pili nikajiona mjanja, juisi sikutia, ila nililifunika bakuli kwa mfuniko wa sufuria ili iyeyuke haraka. Mvuke ukageuka matone chini ya mfuniko, matone yakaangukia ndani, hadithi ikawa ile ile. Tangu hapo bakuli, mwiko na hata mikono yangu nafuta kwa kitambaa kikavu kama anayetaka kushika umeme.

Ikishakushika usiitupe. Pasha krimu au maziwa, tia kijiko kimoja cha chakula kwa kila gramu 60 za chokoleti, koroga taratibu mpaka ilainike. Pipi ya kuganda hupati tena hapo, ila unapata sosi nzuri ya kumwagia keki. Ajabu yake ni hiyo: maji kidogo yanaiharibu, yakiwa ya kutosha inatulia. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye kipimo.

Sasa ladha. Harufu ya chungwa, ndimu, limau au chenza haiko kwenye juisi, iko kwenye ganda. Sijui nyie, sisi utotoni umeme ukikatika tulikuwa tunabinya ganda la chungwa karibu na mwali wa kibatari, linarusha cheche na chumba kizima kinanukia. Yale ni mafuta. Na mafuta na chokoleti ni ndugu, hawagombani kamwe. Kwa hiyo juisi kunywa, ganda ndilo liingie kwenye bakuli.

Kuna namna ya kulikwangua. Tumia kikwangulio chenye matundu madogo kabisa, kile cha kungumanga, na upite juu juu tu, ukizungusha tunda kila baada ya mkwaruzo mmoja. Ukiona weupe, sogea. Ule weupe chini ya ganda ni mchungu, na uchungu wake kwenye pipi laini haupendezi (kwenye maganda ya sukari ni habari nyingine, nakuja huko). Machungwa ya kutoka nje yanayouzwa supamaketi hupakwa nta yang'ae, hayo yamwagie maji ya moto, uyasugue, uyakaushe kabisa. Ya Muheza, huku huku mkoani Tanga, hayana mambo hayo, osha kausha basi. Ukishakwangua, weka na kijiko cha sukari ya unga, fikicha kwa vidole dakika moja mpaka sukari ionekane kama mchanga wenye unyevu. Utasikia harufu mpaka sebuleni.

Jambo moja kuhusu machungwa yetu. Huku Pwani usiku hauna baridi ya kuligeuza ganda, kwa hiyo chungwa linaiva tamu kabisa huku ganda lina kijani. Ukilikwangua, chokoleti yako nyeupe inapata vidoadoa vya kijani. Mara ya kwanza kuuza, mama mmoja alinirudishia sahani nzima akasema zimeota ukungu. Nilimwapia, nikala moja mbele yake, hakuelewa. Siku hizi nachagua machungwa yaliyogeuka njano hata kama ni madogo, au najitangaza mapema kwamba ni pipi za ndimu. Kijani kwenye ndimu hakimshtui mtu.

Kabla ya kipimo, geuza pakiti yako usome nyuma. Chokoleti nyeupe ya kweli imetengenezwa kwa siagi ya kakao. Ulaya na Marekani sheria inataka isipungue asilimia 20. Nyingi za bei nafuu madukani kwetu zina mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea badala yake. Sisemi ni mbaya. Za mafuta ya mimea ni rahisi kufanyia kazi, unayeyusha, unamimina, zinaganda, na nyingine zinavumilia joto kuliko ya kweli. Kasoro ni mdomoni: zinaacha utando kama wa mshumaa, na harufu ya ndimu haiondoki nazo, inabaki imenasa. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana inapotea ulimini na kuacha harufu peke yake. Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyolaza pipi zako chali, kwa sababu inaanza kulegea mapema kabla ya kufika 34, na ndani ya boksi juani saa nane mchana ni zaidi ya hapo. Kitu kimoja tu usifanye: kuchanganya hizo mbili ili kubana matumizi. Nilichanganya, sikupata ugumu wa hii wala ulaini wa ile, zilibaki kama sabuni iliyolowa.

Ukiwa na ya kweli na unataka ganda la nje gumu linalong'aa, inabidi uitempe. Usiogope neno. Siagi ya kakao inaganda kwa maumbo tofauti, na ni moja tu kati ya hayo linalong'aa na kukatika kwa sauti. Kutempa ni kuilazimisha ifuate hilo. Katakata chokoleti yote vipande vidogo. Theluthi mbili iyeyushe juu ya sufuria ya maji yaliyochemka na kuepuliwa, bakuli lisiguse maji, isipite nyuzi 45. Nyeupe ina maziwa na sukari nyingi, inaungua upesi kuliko nyeusi. Ishushe, panguza chini ya bakuli, tia theluthi iliyobaki na ukoroge bila kuacha mpaka ishuke 27. Kisha ipashe kidogo sana irudi 28 au 29, anza kazi. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya kijiko na uiguse chini ya mdomo: ikiwa vuguvugu bado, ikiwa ya ubaridi kidogo ipo tayari. Paka kidogo kwenye karatasi, ikishika ndani ya dakika tano na haiachi alama kidoleni, umefaulu.

Sasa fikiria. Unataka ishuke 27 na jikoni kwako ni 32. Haishuki, hata ukiikorogea dua. Msimu wa kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, mimi sitempi chochote nje ya chumba chenye kiyoyozi. Nimewahi kuazima chumba cha kulala cha wifi yangu, nikatandika magazeti juu ya meza ya kujipambia. Kusi likianza kuvuma ndiyo raha yangu, mwezi wa sita na wa saba naamka saa kumi na moja alfajiri, na ndipo machungwa ya Muheza nayo yamefurika na bei imelala.

Lakini kwa anayeanza, ya nini mateso? Tengeneza hizi laini za duara, hazihitaji kutempa. Gramu 300 za chokoleti nyeupe, mililita 90 za krimu nzito, gramu 25 za siagi, ganda la ndimu tatu au machungwa mawili, na chumvi chembe, usiiruke hiyo chumvi. Tia maganda yaliyofikichwa kwenye krimu, pasha mpaka mapovu yaanze pembeni, zima, funika dakika kumi na tano. Pasha tena, chuja kama hutaki vidoa, mwagia juu ya chokoleti iliyokatwakatwa. Subiri dakika mbili bila kugusa. Halafu koroga kuanzia katikati kwa miduara midogo, upanuke polepole. Mwanzoni utaona imekatika kama maziwa yaliyoganda, usipaniki, endelea, itashikana na kung'aa. Siagi mwisho. Weka friji kwa muda wa saa nne, kisha chota kwa kijiko cha chai, viringisha haraka kwa mikono iliyopozwa na maji ya baridi na kukaushwa. Mimi napata kama thelathini na tano.

Na uchachu? Maana ganda linaleta harufu, uchachu wa ndimu haliuleti. Hapa ndipo juisi inaweza kuruhusiwa, kwa adabu. Chemsha mililita 200 za juisi ya machungwa na ndimu mpaka zibaki vijiko viwili vya chakula, ipoe, kisha uitie kwenye mchanganyiko ambao tayari umeshikana na krimu. Usiitie kwenye krimu ya moto, itaikata maziwa. Njia ninayoipenda zaidi ni kavu: unga mchachu wa sitriki, robo kijiko cha chai kwenye nusu kikombe cha sukari ya unga, unaviringishia pipi kwa nje. Ulimi unakutana na uchachu kwanza, utamu unafuata. Viringisha siku ya kuuza tu, kwani sukari hiyo inavuta unyevu na kesho yake pipi zinatoka jasho.

Ila zinazoniletea wateja wa kurudi si hizo za duara, ni maganda ya sukari yaliyochovywa nusu. Wafaransa wana yao wanayoiita orangette, kawaida wanachovya kwenye chokoleti nyeusi. Mimi nachovya kwenye nyeupe na nasema wazi ni bora, kwa sababu nyeupe ni tamu mno, inataka mchungu wa kuichapa. Ndiyo maana ule weupe wa ganda safari hii siutoi. Balungi ndilo linaloongoza, ganda lake nene lina nyama. Kata vipande vyembamba kama kidole kidogo, weka kwenye maji baridi, yachemke dakika tano, mwaga, rudia. Vitabu vinasema mara tatu, mimi naishia mbili kwa machungwa na tatu kwa balungi. Kisha piga shira: sukari uzito sawa na maganda, maji nusu yake, tia maganda, moto mdogo karibu saa nzima, usikoroge sana. Shira ikianza kuvutika uzi kati ya vidole na maganda yamekuwa kama kioo, toa. Huku kwetu hayakauki yenyewe, hewa ina maji. Natandaza kwenye waya chini ya feni usiku kucha na asubuhi nayaingiza ovenini nyuzi 100 kwa nusu saa au zaidi. Lazima yawe makavu ya kutoshika kidole. Ganda lenye shira mbichi ukilichovya, unarudi kwenye ugali wetu wa mwanzo. Shira iliyobaki weka kwenye chupa, kwenye chai ya rangi utanishukuru.

Usafirishaji. Siku niliyopoteza vipande arobaini nilimpa bodaboda adhuhuri boksi la kadibodi, akapitia kwao kula. Sasa natuma saa moja asubuhi au baada ya magharibi, ndani ya kontena la plastiki lililofungwa, ndani ya boksi la fomu lenye chupa mbili za maji yaliyogandishwa na kuzungushiwa taulo. Na namwambia mteja asifungue kontena mara tu likifika. Aliache nusu saa limefungwa, umande ukae nje ya plastiki badala ya kutua juu ya pipi. Wengi hawasikii, wanafungua, halafu wananitumia picha ya pipi zenye madoa.

Ukitumia krimu mbichi, pipi za duara zikae friji wiki moja tu, na umeme ukikatika usiku kucha usiuze, kula nyumbani. Maganda yaliyochovywa yanakaa hata wiki tatu mahali penye ubaridi, kwa hiyo kwa Idi anza nayo hayo mapema, za duara fanya siku mbili kabla.

Umeuliza pia kama tui linaweza kushika nafasi ya krimu, kwa kuwa krimu huko kwenu ni ghali. Linaweza. Liwe tui la kwanza, la kukamua bila maji au kwa maji vijiko viwili tu, ulichemshe kidogo, mililita zile zile 90. Linaharibika upesi, mpe mteja siku tatu. Na kwenye tui weka ndimu, chungwa linapotea.