Maswali Yenu: Sakafu ya mtiki imebonyea baada ya masika

SWALI: Januari tuliweka sakafu ya mtiki sebuleni, mbao zikagundishwa moja kwa moja juu ya zege. Masika yalipokolea, kingo za kila ubao zikainuka na katikati pakabonyea. Fundi anataka kupitisha mashine ya msasa. Nimruhusu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Asipitishe. Ubao wa hivyo una maji mengi chini kuliko juu, ndiyo maana chini kumevimba. Akikwangua kingo leo, ubao utakapokauka kingo zitashuka kupita katikati na utabaki na nundu, tena mwembamba.

Pima kwanza. Kipima unyevu cha pini mbili kiseti kwa aina ya mti husika, la sivyo kinadanganya, na pini zichomwe kufuata nyuzi. Tanga, madirisha yakiwa wazi, asilimia 14 hadi 16 ni kawaida. Penye kiyoyozi muda wote, karibu 10. Ile 6 hadi 9 ya vitabu vya Marekani ni ya nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi. Msiifukuzie.

Kisha ng'oa mbao chache karibu na ukuta, upime mgongo wake. Juu ikiwa 15 na chini 20, lishuku zege: bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45 juu yake, ziba kingo zote kwa seloteipu pana, uache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone, au zege limekoza rangi, unyevu unapanda.

Kagua udongo wa nje uliopita kimo cha sakafu, mfereji wa bati unaomwaga msingini, bomba la bafu linalovuja. Kama nailoni haikutandikwa chini ya jamvi (zege la sakafu), hapo pana kazi: sakafu yote ing'olewe na zege lipakwe epoksi ya kuzuia unyevu. Hayo mengine ziba chanzo, acha hewa ipite, pima kila wiki. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Tofauti ya juu na chini ikishuka hadi 1 au 2, mbao nyingi zitakuwa zimelala zenyewe. Zilizogoma ndizo za msasa.

SWALI: Mbao mpya zikae chumbani siku ngapi kabla ya kuwekwa?

JIBU: Siku hazisemi kitu. Subiri kipimo kiache kubadilika. Na usizibane ukutani: mtiki uliopasuliwa bapa (pete za mti zikilala karibu sambamba na uso wa ubao) hutanuka kwa upana karibu asilimia 0.2 kila unyevu unapopanda asilimia 1. Chumba cha mita 4, unyevu ukipanda 3, ni milimita 24. Acha 12 kila upande, skatingi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) itafunika.