Kabla ya Jumapili kuna Alhamisi: kwa wewe uliyepangiwa kazi kijijini

Tumsifu Yesu Kristo.

Kila ajira mpya zinapotoka, huku kwetu Umatengo, milima ya Mbinga mkoani Ruvuma, tunapokea walimu, wauguzi na maafisa ugani. Wengi ni Wakatoliki waliokulia mjini. Jumapili ya kwanza wanauliza kanisa liko wapi, wanasali, wanatoa sadaka, wanarudi nyumbani. Mwaka unakatika hivyo hivyo. Halafu anazaliwa mtoto, mzazi anakwenda kwa katekista kuomba ubatizo, na kabla hata hajaulizwa jina la mtoto anaulizwa: "Mko jumuiya gani?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuja mgeni katika parokia moja ya Jimbo la Mbinga, sasa ni mwenyeji, na ukatibu wa jumuiya nimeushika. Kwa mgeni nina ushauri mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: usianze na kanisa, anza na jumuiya.

Parokia ya kijijini ni kubwa kuliko inavyoonekana ukiwa barabarani. Pale penye kanisa kubwa, nyumba ya mapadre na pengine zahanati ya masista ni makao makuu tu. Nje ya hapo kuna vigango, yaani makanisa madogo ya vijijini, vingine vimejificha nyuma ya milima, na kila kigango kimegawanyika katika jumuiya ndogo ndogo za majirani. Mapadre ni wawili, wakizidi sana watatu. Kigango cha karibu kitapata Misa mara moja au mbili kwa mwezi. Cha mbali, mvua zikikolea na pikipiki ya Baba Paroko ikishindwa na utelezi, kinaweza kukaa muda mrefu bila kumwona padre kabisa.

Hali hii si ngeni. Wamisionari Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na tangu enzi hizo aliyeishikilia imani kijijini kati ya ziara moja ya padre na nyingine ni katekista. Miaka ya 1970 maaskofu wa ukanda wetu, kupitia AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Azimio la 1976 ndilo linalotajwa zaidi. Kwa hiyo katekista anapokuuliza jumuiya, hakuulizi chama cha hiari kama kwaya au Legio Maria. Anakuuliza ni majirani gani wanaokufahamu.

Jumuiya yetu husali Alhamisi jioni, watu wakishatoka shamba. Kwingine ni Jumamosi alfajiri au Jumatano, kila mahali na utaratibu wake. Ukihamia, muulize mwenye nyumba wako au jirani: "Jumuiya ya hapa inaitwaje, na wiki hii iko kwa nani?" Watakuambia ni ya Mtakatifu Kizito, au Mtakatifu Rita, au Yuda Tadei, na watakuelekeza nyumba. Nenda hata kama hujaalikwa, maana mwaliko hautakuja. Kwa mawazo ya wenyeji, Mkatoliki anayekaa mtaa huu ni wa jumuiya hii, basi, na asipoonekana wanadhani anaringa.

Utakuta mikeka, viti vya kuazima, meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na Biblia. Wimbo, sala ya kufungulia, kisha inasomwa Injili ya Jumapili ijayo. Inasomwa taratibu, mara nyingine mara mbili, halafu kimya. Baada ya hapo kila aliyeguswa na neno au mstari anausema na kuuelezea kwa maisha yake. Mgeni msomi ana hatari zake hapa. Akipewa nafasi anataka kufundisha, anaanza na Mafarisayo walikuwa nani, anamaliza na historia ya Uyahudi, na bibi aliyekuwa na jambo la kusema kuhusu mkwe wake anaamua kunyamaza. Sema dakika mbili, kwa habari ya maisha yako mwenyewe. Yale ya Mafarisayo katekista atayasema Jumapili.

Yanafuata maombi, kisha matangazo, na hapo ndipo parokia yenyewe inapofanya kazi. Nani mgonjwa, nani atampelekea Komunyo, nani amefiwa, zamu ya usafi wa kanisa ni ya nani, kuni za nyumba ya mapadre zimefikia wapi, kijana gani anatangazwa ndoa na kama kuna mwenye kizuizi aseme. Ugomvi wa mpaka wa shamba pia huletwa hapo kabla haujafika kwa mtendaji wa kijiji. Kama una haraka na unaondoka baada ya sala, umekosa nusu ya jumuiya.

Siku itafika jumuiya itasaliwa kwako. Sikiliza hili vizuri, maana watumishi wenye mshahara wanaharibu sana hapa: usipike. Ukiwapa watu arobaini pilau na soda, umewafurahisha jioni ile na umempa jirani yako mwenye watoto sita na debe moja la mahindi homa ya wiki nzima, kwa sababu zamu ijayo ni yake. Nimeshaona familia zinaomba kurukwa kwa aibu ya kukosa cha kuwapa watu. Maji ya kunywa yanatosha. Kama moyo unakusukuma, chai ya rangi bila kitafunwa. Fagia uwanja, azima viti mapema, tafuta taa yenye chaji, waambie wanao wazime redio.

Sasa pesa. Zipo, nyingi na za majina mengi: zaka, sadaka ya Jumapili, shukrani ya mavuno, kutegemeza jimbo, ujenzi wa kanisa la kigango, chakula cha mapadre, sikukuu ya somo wa jumuiya (mtakatifu msimamizi wake), safari ya kipaimara askofu anapokuja. Ukizikuta moja moja kila Alhamisi utadhani unakamuliwa. Mwanzoni mwa mwaka mwombe katibu akuandikie yote yanayotarajiwa, jumlisha, gawa kwa miezi yako ya mshahara. Mkulima hawezi kufanya hivyo. Huku hela inaingia kahawa ikishauzwa na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikishalipa. Januari na Februari ndani ya nyumba nyingi hakuna kitu. Ndiyo maana mchango wa dharura ukitokea Februari macho yote yanamgeukia mwalimu na nesi. Toa unachoweza, lakini usitangaze kiasi wala usijitolee kufidia jumuiya nzima. Ukifidia mara ya pili, ya tatu imeshakuwa wajibu wako, na wenzako wamenyang'anywa heshima ya kutoa kilo zao tano za maharage.

Ukiombwa uongozi, na utaombwa kwa sababu una kalamu, kubali ukatibu. Uhazina kubali pale tu penye daftari linalosomwa mbele ya watu na mtu wa pili anayejua kilichomo. Michango ikipita kwenye simu yako binafsi, soma salio hadharani kila wiki hata kama hakuna aliyeuliza.

Jumamosi ni siku ya watoto na kwaya. Asubuhi mafundisho ya Komunyo ya kwanza na kipaimara, jumuiya ya zamu inadeki kanisa, watoto wa Utoto Mtakatifu, chama chao cha kimisionari, wanafanya mazoezi ya kucheza, na jioni kwaya. Kuhusu kwaya nitasema kidogo tu: inapendeza, na inakula maisha ya mtu. Leo ni sare, kesho ni safari ya kualikwa parokia jirani, keshokutwa mmeanza kuchangia kurekodi. Mwaka wa kwanza kaa na jumuiya. Sauti ya nne haitakimbia.

Jumapili ina sura mbili. Padre akiwepo, jiandae kwa Misa ndefu: maungamo kabla, ubatizo ndani, matangazo mwishoni, na baada ya hapo mnada. Vilivyotolewa kwenye matoleo, yaani mahindi, ndizi, maboga, mayai, jogoo aliyefungwa miguu, vinauzwa nje ya kanisa ili vigeuke hela. Mnadi anakuwa mtu mwenye mdomo, na mchezo unanoga pale mtu anapomnunua jogoo kisha anamrudisha auzwe upya. Utaitwa kwa cheo chako, watu watashangilia, utapandisha bei. Tenga kiasi chako tangu nyumbani, kingine kiache huko huko. Nawaambia hivi kwa sababu nimemwona afisa mmoja akirudi kwake na kuku wa bei ya mbuzi, na mkewe hakucheka.

Padre asipokuwepo, katekista anaongoza ibada: masomo, mafundisho, maombi, na Komunyo kama mhudumu ameileta na imeruhusiwa. Watumishi wengi Jumapili hizo hubaki nyumbani wakifua, wakisema "leo hakuna Misa." Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inawahimiza sana waamini wasiokuwa na padre washiriki liturujia ya Neno, au wasali kwa muda unaofaa binafsi, katika familia au katika makundi ya familia. Lakini hata ukiiweka sheria pembeni, mtazame yule katekista. Pengine ametembea tangu alfajiri, posho yake ni ndogo na haiji kwa wakati, shamba lake la ngoro, la mashimo ya mteremkoni, linamsubiri, na ameandaa mahubiri kwa mwanga wa tochi. Mtu wa namna hiyo hastahili kuhubiria mabenchi. Ukiwa na pikipiki, mpe lifti. Ukivuna, mkumbuke kabla ya kumkumbuka padre, maana padre ana wengi wa kumkumbuka.

Nimeacha msiba kwa makusudi, kwa kuwa ndio unaosemwa vibaya. Mtu akifariki, mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayeambiwa mapema, na yeye ndiye anayepeleka habari kwa katekista na padre. Jioni hiyo hiyo jumuiya imeshafika: kina mama na unga na kuni, kina baba na majembe, rozari inasaliwa, nyimbo zinaimbwa hadi kunakucha. Wewe uliye mbali na ndugu zako, hawa ndio watakaokaa na mkeo au mumeo usiku ule. Hakuna bima inayofanya kazi hiyo.

Kutokana na hilo, baadhi ya viongozi wamejijengea msemo wa kutisha watu: asiyesali jumuiya hatazikwa na Kanisa. Mimi sikubaliani nao na huwa nasema kwenye kikao. Sheria ya Kanisa inawataja wachache wanaonyimwa maziko, kama walioasi imani hadharani, na mtu aliyekosa jumuiya hayumo. Kaburi kugeuzwa fimbo kunaleta watu wa kuhesabiwa mahudhurio, hakuleti waamini. Pia kuna waliokosa kwa sababu: mlevi anayeona haya, binti aliyezalishwa akasemwa, mzee asiyeweza kupanda mlima. Jumuiya yenye akili hutuma watu wawili waende kwao, tena bila daftari. Ila na wewe usijifiche nyuma ya sheria. Padre atakuja, atasalia jeneza, ataondoka. Kuchimba, kupika na kukesha havina kanuni inayomlazimisha mtu, na jirani anajitoa kwa mtu anayemjua.

Mwisho, makaratasi, maana yanasumbua wengi bila sababu. Kabla ya kuhama mjini, chukua barua ya utambulisho kutoka parokia yako, ikionyesha jumuiya uliyokuwa. Beba cheti cha ubatizo, au angalau jua parokia uliyobatizwa, mwaka na namba yako, kwa sababu kitabu cha ubatizo kinabaki huko huko, na kipaimara na ndoa huandikwa humo humo. Ukitaka kufunga ndoa utaambiwa ulete nakala mpya kutoka kwenye kitabu hicho, na kama parokia yako iko Ukerewe na wewe uko Mbinga, anza kuitafuta miezi kabla ya kushona suti. Msimamizi wa ubatizo wa mwanao awe amepata kipaimara na ametimiza miaka 16. Shemeji mwenye gari asiyesali hafai hata akileta mbuzi. Ombi lolote lianze kwa mwenyekiti wa jumuiya, liende kwa katekista, ndipo lifike ofisini. Ukiruka ngazi, utarudishwa, na Baba Paroko atakurudisha kwa upole kabisa huku jua likikuwakia njiani.

Na usiende Jumatatu. Katika parokia nyingi ndiyo siku mapadre wanapumzika, na utamkuta mlinzi tu.