Maswali ya Wasomaji: Marais wa Marekani na Vita Walivyopigana

SWALI: Nasikia barabara kuu za Marekani zilijengwa kwa sababu Rais Eisenhower alikuwa jenerali, na kwamba katika kila maili tano, moja imenyooshwa ili ndege za kivita zitue. Ni kweli? – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: La ndege lifute, sheria ya barabara hizo haikudai hivyo. La jeshi lina ukweli, ila lianzie mwaka 1919. Eisenhower hakufika vitani katika Vita Kuu ya Kwanza. Alibakizwa Pennsylvania kufundisha askari wa vifaru. Vita vilipokwisha alijitolea kuwa mwangalizi katika msafara wa malori ya jeshi kutoka Washington hadi San Francisco. Kilomita zipatazo 5,200 ziliwachukua siku 62, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 10 hivi kwa saa. Malori yalizama mchangani kule Utah na Nevada, na madaraja ya mbao yakavunjika yakipitwa. Baadaye, akiwa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, akaona barabara pana zinavyorahisisha kusogeza jeshi.

Sheria aliyoisaini Juni 1956 ilipanga kilomita 66,000 hivi za barabara kuu. Serikali kuu ilibeba asilimia 90 ya gharama, na kodi ya mafuta ikapanda kutoka senti 2 hadi 3 kwa galoni. Kichekesho ni kwamba nafasi chini ya madaraja ya juu iliwekwa futi 14, kisha jeshi likasema zana zake nyingine hazipiti. Mwaka 1960 kipimo kikapandishwa hadi futi 16, madaraja mengi yakiwa yamekwisha kujengwa. Jenerali wa nyota tano alikuwa Ikulu muda wote huo!

SWALI: Rais aliyeona vita huwa mzito kuanzisha vingine? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Si lazima. Uliza kwanza alishika kazi gani. Eisenhower aliongoza majeshi ya nchi nyingi kwa ratiba, nyaraka na vikao vya wanadhimu, na mtindo huo akauhamishia Ikulu. Alimweka Sherman Adams kuwa mkuu wa watumishi, na Baraza la Usalama wa Taifa likakutana karibu kila wiki, hoja zikiwa zimeandikwa kabla. Mwaka 1954 Wafaransa walipozingirwa Dien Bien Phu, ngome yao huko Vietnam, Admirali Radford, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, alishauri ndege zikawapige waliowazingira. Jenerali Ridgway, mkuu wa jeshi la nchi kavu, akaleta hesabu ya askari, bandari na barabara ambazo vita vya nchi kavu vingehitaji. Rais aliyewahi kupanga kutua Normandy hakuhitaji mkalimani wa hesabu hiyo. Hakuingia.

Kennedy, rais aliyemfuata, aliongoza boti ya torpido yenye watu 13, PT-109, iliyopasuliwa na manowari ya Kijapani Agosti 1943, wawili walikufa. Vita vilimwachia mashaka na wakubwa wanaoamuru wakiwa mbali, na hakupenda vikao virefu. Mapema 1961 alivunja kamati za Eisenhower. Aprili ikaja Ghuba ya Nguruwe, jaribio la kuivamia Kuba. Mpango aliurithi, lakini mahali pa kutua palihamishwa kutoka karibu na mji wa Trinidad, mashambulizi ya ndege yakapunguzwa, na mpango ulivyobadilika haukupimwa upya kwa kina. Wakimbizi wa Kuba wapatao 1,400 walishindwa ndani ya siku tatu. Oktoba 1962, wakati wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba, alikusanya kamati, akawasikiliza majenerali waliotaka Kuba ipigwe, kisha akachagua kuizingira kwa meli. Somo hilo, kwa maoni yetu, lilitoka Ghuba ya Nguruwe kuliko PT-109.

Tena, Franklin Roosevelt, aliyeiongoza Marekani katika Vita Kuu ya Pili, hakuwahi kuvaa sare ya jeshi.

SWALI: Truman alimfukuza MacArthur kwa chuki ya kapteni kwa majenerali? – *Msomaji, Tanga*

JIBU: Chuki ilikuwapo. Truman, aliyekuwa kapteni wa mizinga ya milimita 75 Ufaransa mwaka 1918, hakuwahi kumpenda MacArthur, jenerali aliyeongoza vita vya Korea. Lakini kilichomponza jenerali ni barua yake ya kupinga sera ya rais kuhusu Korea, iliyosomwa bungeni tarehe 5 Aprili 1951. Alifukuzwa tarehe 11, na Truman hakutangaza kabla wakuu wa majeshi hawajakubali, wote.