Maswali na majibu: Kwa nini hata losheni ya mtoto inanichonyota?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 31, naishi Tanga. Tangu mwaka jana uso wangu hautaki kitu. Nimebadilisha sabuni mara nne, na kila ninachopaka kinachonyota, hata losheni ya mtoto mchanga. Siku nyingine jasho tu linatosha. Vipele sina, ila mashavuni pamepauka na pamekuwa peusi. Mama anasema ni ngozi laini ya kurithi, shoga yangu anasema ni mzio. Nani mkweli, na nipake nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na neno lako mwenyewe, maana limenisaidia sana. Umesema "kinachonyota", hukusema "kinawasha". Kitu kinachochonyota ndani ya sekunde au dakika chache baada ya kukipaka, kisha kikatulia, mara nyingi si mzio. Mzio wa krimu huchelewa: mtu anapaka leo, anaanza kujikuna kesho au keshokutwa, na huja na vipele, uvimbe, wakati mwingine malengelenge. Kwa hiyo shoga yako simuungi mkono sana. Mama ana hoja kidogo, kwani zipo familia zenye pumu na ukurutu ambazo ngozi kavu inapita kwa kurithiana, lakini hiyo kwa kawaida huonekana tangu utotoni. Wewe uso ulikuwa mzima mpaka mwaka jana. Nadhani kuna kitu kimeubomoa ukuta.

Ukuta gani? Oga, jikaushe, usipake mafuta, kisha chora mstari kwenye muundi kwa ukucha. Ule weupe unaobaki, ambao watoto wa shule huandikia majina yao, ni seli zilizokufa zilizoanza kubanduka na hewa kuingia kati yake. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli hizo, zimelaliana kama matofali, safu 15 hadi 20 hivi mkononi na pungufu ya hapo usoni. Udongo unaozishikiza ni mafuta ya mwili wenyewe: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta wote huo una unene wa milimita 0.02 tu au chini yake. Karatasi ya daftari unalosahihisha ni nene kuuzidi mara tano hivi. Lakini ndio unaozuia maji ya mwilini yasitoke ovyo na vya nje visiingie.

Nyuma yake kuna ncha za neva zenye vipokezi, yaani vitambuzi vinavyohisi joto na maumivu. Kimojawapo kinaitwa TRPV1. Kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya mwanasayansi wa Marekani David Julius, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kipokezi hicho hicho kimoja huamshwa na ukali wa pilipili, na joto la zaidi ya nyuzi 43 hivi, na asidi. Wagonjwa wanaoniambia "daktari, ni kama nimepakwa pilipili" hawatii chumvi hata kidogo. Ukuta ukiwa mzima, neva hizi hazisikii habari za losheni. Ukipasuka, manukato, dawa za kuzuia losheni isioze, hata jasho lenye chumvi, vyote vinazifikia. Na neno "mtoto" kwenye chupa, nikuambie ukweli, ni la muuzaji. Losheni nyingi za watoto zimejaa manukato.

Sasa nani kabomoa? Mshukiwa wangu wa kwanza ni sabuni. Uso wa ngozi una asidi kidogo, pH ya 5 hivi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi), na asidi hiyo inahitajika ili ule udongo wa mafuta utengenezwe. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Kwenye kipimo hiki kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo kati ya 5 na 9 kuna tofauti ya mara 10,000. Ngozi hujirudi baada ya saa kadhaa, ila ukiiosha mara tatu kwa siku kwa dodoki huipi nafasi. Wapo wanaosikia habari za asidi wakakimbilia ndimu. Usithubutu! Maji ya ndimu yana asidi takriban mara elfu kuliko ngozi, na ukiyapaka kisha ukatoka juani unaweza kuungua hadi kutoka malengelenge.

Mshukiwa wa pili hukumtaja, nami sina budi kuuliza: mkorogo. Ngozi yetu nyeusi ikiumia haiwi nyekundu kama kwenye picha za vitabu, huwa nyeusi zaidi, na weusi huo hukaa miezi. Mtu akiona hivyo anatafuta cha kuung'arisha, anapewa kikopo chenye steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), pengine na zebaki. Wiki za mwanzo uso unateleza. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, na siku anapoacha inawaka moto. Kama umepitia huko kwa miezi, usiache ghafla peke yako. Njoo tupange namna ya kuacha.

Kama hukupitia huko, kazi ni ndogo kuliko unavyodhani: punguza. Seli mpya huchukua takriban wiki nne kutoka chini hadi juu ya ngozi, kwa hiyo nipe wiki nne. Asubuhi maji matupu, ya kawaida, si ya moto. Jioni tumia kiosha uso kisicho na manukato, kilichoandikwa pH 5.5, kwa vidole tu. Bonyeza taulo, usisugue. Ndani ya dakika tatu, uso ukiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha punje ya harage uso mzima. Hayana maji wala manukato, ndiyo maana ni nadra kuchonyota. Najua joto la Tanga. Mchana yatakukera, basi yaache ya usiku, na mchana tumia krimu nyepesi yenye gliserini. Ile gliserini ya chupa usiipake tupu. Mafuta ya nazi sina ugomvi nayo miguuni, ila usoni huziba vinyweleo vya wengi. Liwa na manjano viweke kando kwa sasa. Juani vaa mtandio au kofia pana.

Baada ya hapo, kila kipya kijaribu kwanza kwenye kiwiko upande wa ndani, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima, kabla hakijagusa shavu.

Usingoje wiki nne kama macho yanavimba, ngozi inatoa majimaji, au pametokea duara lenye kingo zilizoinuka, maana hilo linaweza kuwa fangasi. Na kama usiku unajikuna wewe na watu wa nyumbani pamoja, huo huenda ni upele, ule ugonjwa wa kuambukizana, na dawa yake ni nyingine.

Ukija kliniki, beba kila unachopaka na kuogea kwenye mfuko mmoja. Kama kuna kikopo kisicho na lebo, nitaanza nacho hicho.