Kabla hujakubali injini ishushwe

Fundi alizima gari, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akasema: "Dada, hii imenoki. Konrodi ya silinda ya tatu. Tushushe injini." Yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki umelegea, ndio unaogonga. Bei aliyotaja ilikuwa Sh 2,400,000, mbali na spea "zitakazojitokeza tukishafungua". Mwenye gari yeyote anaijua sentensi hiyo, na anajua huwa zinajitokeza ngapi.

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 2001, injini ya aina iitwayo 5L, dizeli ya lita 3 ya kizamani isiyo na tabo. Nabebea nyanya za Ilula kupeleka Dar, na nikirudi napakia mbolea. Ni katika kurudi huko, nikiwa nahangaika na kona za Kitonga, ndipo kelele ilipoanza: kakakakaka, mithili ya kopo la maziwa lililotiwa kokoto. Nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachia inafifia.

Kelele ya namna hiyo ikikupata njiani, tazama taa ya oili kabla ya kitu kingine. Ikiwaka, zima gari papo hapo na utafute wa kukuvuta. Usijidanganye kwamba gereji iko karibu. Yangu haikuwaka, na nilipofungua boneti na kuchomoa kijiti, oili ilikuwa kwenye alama. Nikafika nyumbani polepole, redio nimeizima ili nisikilize.

Kesho yake nilijipa nusu saa ya kusikiliza tu. Gari likiwa baridi linalia? Likipata moto je? Nikakanyaga klachi, kelele haikubadilika. Ingekatika hapo, ningeanza kushuku upande wa klachi na giaboksi. Nikalegeza mikanda ya mbele, nikaitoa, nikawasha kwa nusu dakika hivi, si zaidi, maana pampu ya maji nayo inakuwa imesimama. Kelele ikabaki ileile, kwa hiyo si alteneta wala beringi za huko mbele. Angalizo kwa wenye injini hizi: alteneta imebeba mgongoni pampu inayosaidia breki. Mkanda ukiwa nje usisogeze gari hata kidogo, pedeli inakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta.

Kisha nikachukua mti mrefu, nikawa nagusagusa huku na kule. Nilipobonyeza kile kibati cha kuzuia joto kwenye ekzosi, sehemu ya kelele ikanyamaza. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu. Nikakifunga kwa waya, nikajiona fundi. Furaha ilidumu mpaka nilipopakia mzigo tena. Kumbe gari lilikuwa na kelele mbili, na ile ndogo ilikuwa inaifunika kubwa.

Hapo ndipo nikaenda gereji. Fundi alifanya kipimo kizuri tu: injini ikinguruma, alishika spana akawa analegeza nati za paipu za nozeli (vile vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda), moja baada ya nyingine. Nati ikilegea, dizeli inamwagika nje badala ya kuingia ndani, na silinda hiyo inaacha kufanya kazi. Kwenye ya kwanza na ya pili kelele iliendelea. Kwenye ya tatu ikakatika. Basi, akahukumu: konrodi.

Sikumwamini wala sikumkatalia. Nilimwomba siku mbili, nikaenda kwa mzee mmoja wa pampu na nozeli. Alinisikiliza, akacheka. "Mwanangu, konrodi iliyolegea na nozeli mbovu zote zinanyamaza ukiikata ile silinda. Kipimo hicho kinakuonyesha chumba, hakikuonyeshi mwizi."

Akatoa nozeli ya tatu akaipeleka ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu. Akaweka washa mpya, zile pete nyembamba za kuzibia, chini yake (ukirudishia za zamani, mgandamizo unavuja na unajitengenezea tatizo jingine), akatoa hewa kwenye paipu, akawasha. Kakakakaka. Akalegeza nati ya tatu: kelele haikujali. Akalegeza ya kwanza: kimya. Tatizo lilikuwa limehama pamoja na nozeli. Konrodi haihami. Kelele ingebaki kwenye ya tatu, mimi ningekuwa wa kwanza kusema tushushe injini.

Kwenye mashine ya kupimia nikaiona kwa macho. Nozeli nzima ilipuliza ukungu laini. Ile mbovu ilidondosha matone, tone, tone, kama bomba la jikoni. Dizeli ya matone haiungui vizuri. Inajikusanya kisha inalipuka kwa pamoja, na mlipuko huo ndio ule mlio unaofanana na chuma kugonga chuma.

Nilibadilisha ncha za nozeli zote nne pamoja na filta ya dizeli. Pamoja na ufundi haikufika Sh 300,000. Mzee aliniuliza nanunua wapi mafuta, nikaona aibu kumjibu. Miezi kadhaa nilikuwa nachukua dizeli ya vidumu kando ya barabara, kwa sababu ya nafuu ya shilingi chache kwa lita. Chini ya filta ya zamani tulikuta maji na tope.

Jambo moja nisisitize. Mchezo wa kulegeza nati ni wa injini za pampu ya kizamani tu, na hata huko weka uso na mikono mbali. Kama pikapu yako ni D-4D au dizeli yoyote ya kisasa, usithubutu. Mgandamizo kwenye paipu zake unapita baa 1,000, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo inatoboa ngozi. Hizo zinapimwa kwa kompyuta.

Ukishafungiwa nozeli, baada ya siku mbili tatu fungua boneti upitishe kidole kwenye kila nati, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Yangu ya pili ilikuwa inavuja kidogo. Robo mzunguko wa spana namba 17, ikakauka.