Seva iko Masasi wewe uko Mtwara mjini: anza na terminali

Vijana wanaotaka kazi ya kutunza kompyuta za maofisi huku kusini wengi wanakimbilia zile programu za kuona skrini nzima ya kompyuta iliyo mbali, na mimi kila anayeniuliza namwambia mdogo wangu, anza na terminali, lile dirisha la kuandikia amri kwa maandishi. Sababu ni mtandao. Seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, ipo ghalani Masasi, kama kilomita 200 kutoka mjini, laini ikianza kusuasua ile skrini inaganda na mausi haisogei, lakini ssh, njia ya kuingia kwenye seva ya mbali kupitia terminali, inapitisha maandishi tu kwahiyo hata mtandao wa kubahatisha unakutosha. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu intaneti ikadorora nchi nzima, hapo ndo utamu wa ssh ulionekana.

Ila ssh peke yake usiiamini kwa kazi ndefu. Mawasiliano yakikata katikati ya apdeti, kazi uliyoianzisha inaweza kufa nayo na paketi za programu zikabaki nusunusu. Piga kwanza tmux new -s kazi (tmux ni programu inayoishikilia kazi yako kule kwenye seva hata wewe ukikatika), ndani yake ndo uanze apt upgrade, amri ya kuapdeti programu. Mtandao ukikata kule kazi inaendelea tu, ukirudi unapiga tmux attach -t kazi unakuta kila kitu kipo. Umeme ukikatika kule kule kwenye seva hilo jambo lingine, hapo dai UPS, ile betri ya kushikilia umeme, bila aibu.

Sasa simu utakayopigiwa sana ni "mfumo umegoma", hasa msimu wa korosho minada ikiwa imepamba moto na karani ana foleni ya wakulima mbele yake. Usikimbilie kuiwasha upya. Piga df -h uone kama diski imejaa, mara nyingi jibu liko hapo. Ikiwa 100% shuka na du -xh --max-depth=1 /var | sort -h, folda nene zinakaa chini kabisa ya orodha, na ukikuta logi za systemd, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, ndo zimenenepa basi journalctl --vacuum-size=200M inazipunguza vizuri bila kugusa kingine. Kuna kitu watu wanahangaika nacho sana hapa: umefuta faili kubwa lakini df bado inasema imejaa. Hiyo ni kwa sababu kuna programu bado imelishikilia lile faili, na Linux, mfumo unaoendesha seva yako, hairudishi nafasi mpaka liachiwe. Piga sudo lsof +L1 utaiona kwa jina, alafu irestati hiyo huduma tu, siyo seva nzima. Na kama df -h inaonyesha nafasi ipo ila bado haiandiki, jaribu df -i, inawezekana inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili, ndo zimeisha, vifaili vidogo vidogo vimejazana sehemu.

Bakapu fanya kwa rsync -avP, amri ya kunakili mafaili kwenda kompyuta nyingine, laini ikikata faili lililofika nusu halitupwi, ukirudia hauanzi upya. Angalia mkwaju tu, ile alama / mwishoni mwa jina la folda: stakabadhi/ inapeleka vilivyomo ndani, stakabadhi bila mkwaju inapeleka folda yenyewe. Na ukiweka --delete, inayofuta kwenye bakapu vitu ambavyo huku havipo tena, naomba sana anza na -n ambayo inakuonyesha itakachofanya bila kufanya, usome orodha yote, ukiona neno deleting kwenye kitu unachokihitaji simama hapo hapo urekebishe njia za folda zako kwanza.