Maswali yenu kuhusu joto kwenye seli za haidrojeni

Dogo wa Nyakato: "Kaka, seli si inageuza haidrojeni inatoa umeme na maji tu, joto linatokea wapi?"

Mule mule. Karibu nusu ya nishati ya haidrojeni inaishia kuwa joto, na hizi seli zenye utando mwembamba katikati zinapenda nyuzi 60 mpaka 80 hivi, joto likikwama ndani utando unakauka na umeme unashuka.

Fundi wa Igoma: "Ile karatasi ya kaboni inayokaa pembeni ya utando ni nyembamba kuliko kadi ya NIDA, unapimaje joto linalopita humo?"

Hapa ndo penye utamu fundi. Unaibana katikati ya shafti mbili za chuma cha steinlesi, ya juu unaipasha, ya chini unaipoza kwa maji yanayotembea, kila moja unaitoboa matundu matatu ya kuingiza sensa za joto. Steinlesi inajulikana inavyopitisha joto, kama wati 15 kwa mita kwa kelvini, kwahiyo jinsi jotoridi linavyoshuka ndani yake inakwambia joto kiasi gani linapita. Tofauti ya jotoridi juu na chini ya karatasi, gawa kwa hilo joto linalopita kwenye kila mita ya mraba, unapata ukinzani, yaani jinsi joto linavyozuiwa. Sasa mtego uko hapa, chuma na karatasi havigusani kote, kuna vijinafasi, na huo ukinzani wa mgusano umeshajichanganya humo humo! Ndo maana unapima karatasi moja, halafu mbili, halafu tatu, unachora grafu ya ukinzani na unene, mteremko wa mstari ni wa karatasi yenyewe, pale unapokata mhimili wima ni mgusano. Na presha uiandike, ukibana zaidi joto linapita zaidi.

Dada wa Ukerewe: "Ikilowa je?"

Inabadilika sana dada. Kwa kupitisha joto, kwa kipimo kile kile cha steinlesi, hewa ni 0.026 tu, maji 0.6. Nafion, yaani plastiki ya ule utando, ikiwa kavu inacheza kwenye 0.18, ikishiba maji inafika kama 0.25, kwahiyo mtu akikutajia namba moja bila kusema kavu au mbichi mimi simwamini.

Mwalimu wa Sengerema: "Shuleni tunaweza?"

Shikamoo mwalimu. Mnaweza, kwa kipande cha raba badala ya kaboni. Shafti mpeleke kwa wakereza vyuma, pembeni mzizungushie pamba nene (huku Usukumani hamtaikosa) maana joto likivuja ubavuni hesabu yote inaharibika, na msisome chochote mpaka sensa zote zitulie, wanafunzi watalalamika wanachelewa chai, waacheni walalamike.